Majengo ya maonyesho ya dunia huwa yanaenda wapi?

mchoraji77: Wadau, hivi mbona majengo ya maonyesho ya dunia mengi hayapo tena, hela zote zile halafu wanabomoa?

FundiChuma: Yalikuwa ya muda bwana. Chicago 1893 yale majumba meupe kwa nje ilikuwa plasta iliyochanganywa na nyuzi, imebandikwa kwenye fremu basi, ukiyaona kwenye picha utadhani mawe 😂 Hata mnara wa Eiffel wa 1889 ulipewa kibali cha miaka 20 tu, antena za redio ndo zikauokoa.

bintiramani: Na Brussels 1958 je? Atomium, lile jengo la mipira mikubwa ya chuma, inang'aa pale, kumbe kwingine wamewaweka Wakongo kwenye kijiji cha maonyesho nyuma ya uzio watu wawakodolee macho, wenyewe wakachoka dharau wakaondoka mapema.

mchoraji77: Duh, 1958 kabisa??