Naombeni ushauri: mauaji ya Whitechapel ya 1888, ni genge au mtu mmoja?

Binti Mtoni:
Wakuu, salamu kwenu nyote. Naombeni mawazo kabla ya Jumamosi, nimekwama.

Mimi na mwenzangu aliyeko Mombasa tunarekodi simulizi za historia kwa Kiswahili. Mimi niko London, nafanya usafi maofisini upande wa Aldgate, na alfajiri nikitoka zamu napita mitaa ileile ya Whitechapel, mashariki mwa London, walikouawa wale wanawake ambao vifo vyao watu humhusisha navyo muuaji asiyejulikana, Jack the Ripper. Ndiyo maana tulichagua kisa hiki. Sasa tumegawanyika. Mwenzangu anasema wauaji walikuwa genge la mtaani, na ameshaandika utangulizi wenye jina "Genge la Whitechapel". Mimi naona mkono wa mtu mmoja. Lakini hoja yake si ya kubeza, kwa sababu mwanamke wa kwanza kwenye jalada la polisi aliwaeleza waliomshambulia kwa kinywa chake mwenyewe.

Huyo ni Emma Elizabeth Smith, miaka 45. Usiku wa kuamkia Aprili 3, sikukuu ya Jumatatu ya Pasaka ikiwa imeisha, alikuwa anarudi alikopanga, George Street. Kwenye saa saba na nusu usiku aliwaona wanaume karibu na kanisa la Whitechapel, akavuka barabara kuwakwepa. Wakamfuata. Walipofika Osborn Street, jirani na kiwanda cha kakao, wakamkaba, wakampiga, wakamnyang'anya pesa, na wakamwingiza kitu butu mwilini kwa nguvu. Alisema mmoja wao alikuwa kijana wa miaka kama 19.

Wiki iliyopita nilitembea njia hiyo. Kanisa halipo tena, pamekuwa bustani ya Altab Ali. Kutoka hapo hadi ilipokuwa George Street ni dakika chache kwa mtu mwenye afya. Emma alifika kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Mary Russell, msimamizi wa nyumba, alipokuwa anampeleka hospitali walipita palepale, na Emma akamwonyesha mahali. Kesho yake akafariki kwa maambukizi ya tumbo.

Swali langu: nimweke Emma ndani ya kisa au nimwache? Nikimweka, nitamwambiaje msikilizaji kwamba ni genge, halafu hapohapo kwamba ni mtu mmoja?

Afande Mstaafu:
Binti yangu, nimefanya upelelezi maisha yangu yote ya kazi, nikwambie ninavyoona. Genge la wakabaji linataka pesa, linataka kuogopwa, na linaongea. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha. Mei mwaka huohuo, kijana Joseph Rumbold alichomwa kisu na genge la vijana pale Regent's Park, hukohuko London. Haikuchukua muda vijana wanane wakafikishwa mahakamani, na George Galletly akahukumiwa kunyongwa, ingawa baadaye alinusurika kitanzi. Watu wanane hawawezi kutunza siri ya damu.

Sasa tazama Whitechapel. Baada ya Catherine Eddowes kuuawa, Jiji la London liliahidi zawadi ya pauni 500. Kitanda cha usiku mmoja katika mitaa ile kilikuwa peni 4, kwa hiyo hizo ni pesa za vitanda 30,000. Novemba 10, siku moja baada ya Mary Jane Kelly kuuawa chumbani mwake Miller's Court, serikali ikatangaza msamaha kwa mshirika yeyote ambaye hakuua kwa mkono wake, alimradi amtaje muuaji. Ingekuwa genge, yupo mmoja angeuza wenzake kabla ya jua kuzama. Hakuna mshirika aliyejitokeza.

Juma wa Kisauni:
Afande, shikamoo. Nakuheshimu ila sikubaliani nawe moja kwa moja. Hii habari ya genge mwenzake dada hakuitunga. Alipouawa Mary Ann Nichols pale Buck's Row, Agosti 31, magazeti yenyewe yaliandika kuhusu genge linalotoza wanawake wa usiku, wakalitaja hata kwa jina la High Rip, genge lililojulikana Liverpool. Polisi nao walianzia hapo. Halafu kuna Israel Schwartz. Usiku wa Septemba 30, Berner Street, alimwona mwanamume akimwangusha mwanamke mahali ambapo Elizabeth Stride alikutwa amekufa muda mfupi baadaye, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamume wa pili akiwasha kiko. Huyo wa pili alikuwa nani? Na pete za Annie Chapman, naye aliyeuawa na kukatwakatwa, zilizotoweka kidoleni, je, si wizi huo?

Afande Mstaafu:
Marahaba, Juma. Swali la Schwartz ni zuri. Ila yeye mwenyewe alisema hawezi kujua kama wale wawili walikuwa pamoja. Alikimbia, akaona yule wa pili anakuja nyuma yake. Labda alimfukuza, labda naye alikuwa anakimbia kilekile. Pete zilikuwa za shaba. Mkabaji hamkati mtu vile kwa pete za shaba.

Nesi wa Tanga:
Dada, mimi nasoma majeraha. Mambo mengine nawaachia.

Emma hakukatwa. Alipigwa, akaumizwa kwa ukatili wa kumdhalilisha, akaachwa akiwa hai. Wale waliomfanyia vile hawakujali kama atasema. Nichols alikatwa koo, kisha tumbo. Annie Chapman, Septemba 8, uani Hanbury Street namba 29, koo, kisha tumbo, na mji wa mimba ukachukuliwa. Eddowes vilevile, na figo moja ikachukuliwa. Hapa mtu anamnyamazisha mtu kwanza, halafu anafanya alichokuja kufanya. Daktari Thomas Bond, ambaye polisi walimpa maelezo ya vifo vinne na cha tano akakiona mwenyewe kwa Mary Jane Kelly, aliandika kwamba vyote vitano ni vya mkono mmoja.

Anayeninyima jibu ni Martha Tabram, Agosti 7, George Yard. Majeraha 39 ya kuchomwa. Daktari Killeen aliona mengi ni ya kisu kidogo, lakini lililopita mfupa wa kifua likahitaji silaha nzito zaidi, kama jambia. Silaha mbili zinaweza kuwa watu wawili. Zinaweza pia kuwa mtu mmoja mwenye visu viwili. Rafiki yake alisema jioni hiyo walikuwa na wanajeshi wawili, wakaachana wawiliwawili. Kwa Martha usiwape wasikilizaji jibu ambalo majeraha hayalitoi.

Na tafadhali, usiwaite "makahaba" kila unapowataja. Wana majina.

Binti Mtoni:
Nesi, asante sana, hilo la mwisho nimelichukua.

Juma, niongeze la Mitre Square, alikouawa Catherine Eddowes, maana napakatiza karibu kila siku. Leo pamejengwa upya, ila ni uwanja mdogo, nauvuka kwa hatua thelathini hivi. Konstebo Edward Watkins alipita saa saba na nusu, hapakuwa na mtu. Aliporudi saa nane kasorobo akamkuta Catherine. Mlinzi wa ghala, George Morris, alikuwa ndani hapohapo uwanjani, mlango umefunguliwa kidogo, hakusikia kitu. Nikisimama pale alfajiri nasikia hata mtu anayekohoa upande wa pili. Genge zima lingefanyaje kazi ile bila sauti ndani ya dakika kumi na tano?

Juma wa Kisauni:
Hapo umenigusa. Nakubali kuhusu Mitre Square. Lakini bado nasema Emma asitupwe.

Mwalimu Kiza:
Nimefuatilia uzi tangu mwanzo. Naona swali lenyewe limewabana bure. Jalada la Whitechapel lina wanawake 11, kuanzia Emma mpaka Frances Coles wa Februari 1891. Nani amesema wote 11 lazima wawe na muuaji mmoja? Kilichowafunga pamoja ni mtaa, jalada na magazeti. Lile jina la Jack the Ripper lenyewe limetoka kwenye barua iliyofika shirika la habari mwishoni mwa Septemba. Emma alikuwa kaburini karibu miezi sita.

Emma ametoa ushahidi. Ni yeye peke yake kati yao aliyepata nafasi ya kusema, na alisema ni wanaume kadhaa. Ukimwingiza kwenye orodha ya muuaji mmoja, unamkanusha marehemu. Ukichukua maneno yake ukawapakaza Annie na Catherine, unayapeleka ambako yeye hakuwepo. Mpe kipindi chake mwenyewe. Waliomuua ni genge, na hawakukamatwa. Hicho ni kisa kamili.

Afande Mstaafu:
Mwalimu kasema. Na sisi wapelelezi tuna kosa hilo, kuunganisha majalada kwa sababu mtaa ni mmoja.

Binti Mtoni:
Nimempigia mwenzangu tumeongea saa nzima. Utangulizi wake tumeufuta, na wangu pia, maana mimi nilikuwa nimemtaja Emma kwa sentensi moja tu, kama mlango wa kupitia kwenda kwa wengine. Sasa kipindi cha kwanza ni chake peke yake. Kinaanzia kanisani, anavuka barabara. Cha pili ni Martha, tunaacha wazi. Kuanzia Nichols tunasema tunaamini ni mtu mmoja, na tunaeleza kwa nini.

Limebaki neno moja. Zile nyumba za kulala za peni nne niziiteje? "Gesti" inampeleka msikilizaji kwingine kabisa.

Mwalimu Kiza:
Sema "nyumba ya vitanda vya kukodi", utaje na bei. Nichols alitolewa nje usiku ule kwa kukosa hiyo peni nne. Alitoka akisema ataipata upesi, kwani wameona kofia yake mpya ilivyo nzuri.

Binti Mtoni:
Nimeandika hivyo hivyo. Kesho nikitoka zamu nakwenda kurekodi sauti ya Osborn Street kabla magari hayajaanza.