Uliyesoma Ulaya muhula mmoja, ulizunguka wapi? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Kila mwaka vijana wetu wanapata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ulaya, wengi kwa ufadhili wa Erasmus+ (mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi), na wakishapata viza swali ni lile lile: nitembee wapi? Wanajibiwa Eiffel, Colosseum, Venice, piga picha, basi. Naomba tuweke hapa tuliyoyaona kwa macho yetu, hasa yasiyotajwa na watalii.

Msimamo wangu nauweka mapema. Muhula ni mfupi, na anayekimbilia nchi kumi ataishia kuzijua stesheni zake tu. Chagua miji michache uikae. Na anzia pale historia yetu ilipo, maana vitu vya kwetu viko huko vimejaa tele.

Mimi nilikuwa Leipzig, kwa hiyo Berlin ilikuwa jirani. Ni mzaliwa wa Lindi, na tangu shule ya msingi nilisikia habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosau, aliyepelekwa Ujerumani. Lakini kusikia si kuona. Unaingia ukumbi mkubwa wa Museum für Naturkunde, unainua shingo mpaka inauma. Mifupa imesimamishwa kimo cha mita 13.27, kichwa kiko huko juu chini ya paa la kioo, na mguu wa mbele peke yake unamwacha mtu mrefu mbali sana. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, Vita vya Majimaji vikiwa vimemalizika miaka michache tu nyuma, watu wa kusini wakiwa bado na majeraha ya vifo na njaa. Waliochimba kwa mikono ni watu wetu, mamia kwa mamia, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Waliobeba pia ni watu wetu, mzigo kichwani au begani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Nilikaa pale makundi ya wanafunzi yakaja yakaondoka. Mwalimu mmoja akataja Tanzania, mtoto akauliza ni wapi huko. Nikachuchumaa nikamwonyesha kwenye ramani ya simu yangu: hapa ndipo Lindi, na mimi natoka hapa. Alinitazama, akamtazama mjusi, akanitazama tena.

Ukitoka hapo, panda treni ya chini ya U6, stesheni yenyewe inaitwa Naturkundemuseum, elekea kaskazini mpaka Afrikanische Straße. Mitaa ya huko imepewa majina ya Afrika tangu enzi za ukoloni: Tangastraße, Sansibarstraße, Usambarastraße. Barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee, ikihusishwa na Carl Peters, yule Mkono wa Damu wa kwenye vitabu vyetu vya historia, ilibadilishwa jina Agosti 2024. Kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee, kingine ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama wa Namibia. Ukiwa bado na nguvu, rudi na U6 hiyo hiyo hadi Mehringdamm, chukua U7 mpaka Hermannplatz. Karibu na hapo kuna Lucy-Lameck-Straße. Hadi 2021 mtaa huo ulikuwa wa Wissmann, aliyeongoza majeshi yaliyomwangamiza Abushiri. Leo unabeba jina la mwanasiasa wetu, mama wa Kilimanjaro. Hakuna kiingilio mtaani, unatembea tu. Kwangu siku ile ilizidi makumbusho yote niliyowahi kulipia.

Karibuni.

Mdau wa Mombasa

Shukran kwa uzi. Mimi mtoto wa Mji wa Kale, nimekua Ngomeni (Fort Jesus) pakiwa ndipo mahali pa kupunga upepo wa jioni. Kwa hiyo nilipopata muhula Lisbon nilijua wapi nitakwenda mwanzo.

Panda tramu 15E mpaka Belém. Monasteri ya Jerónimos haina haja ya kuelekezwa, utaiona tu, jiwe jeupe limechongwa kamba, nanga na matawi. Ujenzi ulianza 1501, na fedha zake nyingi zilitokana na ushuru wa viungo vya Mashariki. Ndani ya kanisa, ukiingia tu, mkono wa kushoto, yuko Vasco da Gama. Sanamu yake imelazwa juu ya kaburi, viganja vimekutanishwa kama anayeomba, na ubavuni pamechongwa merikebu yenye matanga. Watu wanapiga picha wanapita. Mimi nilikaa kwenye benchi.

Huyu ndiye aliyetia nanga kwetu Aprili 1498. Mombasa hawakupatana, akasonga Malindi, na huko ndiko alikopata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Miaka saba tu baadaye, 1505, meli za Mreno Almeida zikaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Ngome yenyewe walianza kuijenga 1593. Tuliyasoma darasani kama tarehe za mtihani. Pale kanisani nilielewa kwamba mali ile ya bahari yetu ilifika mahali, ikawa kuta, ikawa nguzo, na nguzo zile nimezigusa. Nilipandwa na hasira, sifichi. Na bado jengo ni zuri mno, mafundi wake walikuwa mafundi kwelikweli, na hilo nalo sikuweza kujidanganya.

Vuka barabara uende ukingoni mwa Mto Tejo, kwenye mnara wa Padrão dos Descobrimentos wa 1960. Chini kabisa pametandazwa ramani ya dunia kwa marumaru, watoto wanakimbia juu ya bahari. Nikaitafuta pwani yetu, nikasimama hapo.

Kwa Waislamu wenzangu: chakula cha halali kiko Mouraria, mtaa wa Rua do Benformoso, kwa ndugu zetu Wabangladeshi. Na vile vikombe vya keki ya maziwa na mayai, pastel de nata, nyunyizia mdalasini, kula vikiwa moto. Ndani ya tramu 28 shika mfuko wako, wezi wanaijua hiyo kuliko wenyeji.

Mchangiaji wa tatu

Kabla watu hawajakata tiketi, tuwekane sawa kwenye makaratasi. Ukiwa na viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotambua viza moja), unaruhusiwa kutembelea zile nyingine mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ayalandi hazimo, hizo zina viza zao. Uswisi imo, japo haimo kwenye Umoja wa Ulaya na hela yake ni faranga. Croatia imeingia 2023.

Sasa hatari iko hapa. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukitoka kwenda London kumsalimia shangazi, mlango umejifungia nyuma yako. Isome viza yenyewe, pale palipoandikwa idadi ya kuingia, usitegemee maneno ya rafiki. Na pasipoti itembee na wewe, si picha yake kwenye simu. Mabasi ya usiku yanasimamishwa mpakani, askari anapita kiti kwa kiti na tochi, na sisi ndio tunaoulizwa kwanza. Inaudhi, hasa abiria wa jirani anapoachwa aendelee kulala. Mpe pasipoti na kibali, jibu kwa utulivu.

Dada wa Bukavu

Mimi nilisoma Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Nawaomba wote mtakaofika Brussels mpande tramu 44 kutoka Montgomery hadi mwisho wa njia, Tervuren. Inapita katikati ya msitu, miti mirefu pande zote mbili, na nilipanda Novemba majani yakiwa yameshika rangi ya shaba. Njia nzuri sana, na mwisho wake kuna jambo zito.

Hapo ndipo lilipo jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati alilolianzisha mfalme Leopold II. Lilifungwa kwa matengenezo miaka mitano, likafunguliwa tena Desemba 2018, wakijaribu kuieleza Kongo kwa namna nyingine. Kuna mtumbwi mmoja wa mti mzima, mrefu zaidi ya mita 20. Kuna ngoma, vinyago, vitu ambavyo bibi zangu wangeweza kuvitaja kimoja kimoja kwa jina na kazi yake. Nilizunguka nikitafuta vya Kivu, na kila nilipokiona kimoja nilijiuliza kilitoka nyumba gani, na nani alibaki akikitafuta.

Lakini msiishie humo. Tokeni mtembee mpaka kanisa la kijiji. Mwaka 1897 Leopold aliwaleta Wakongo 267 wakae kwenye vijumba vya maonyesho, Wabelgiji waje wawatazame. Saba walikufa. Makaburi yao yako ubavuni mwa kanisa, yamepangwa kwa mstari, na majina yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Niliyasoma yote kwa sauti. Nilikuwa na rafiki kutoka Poland, akavua kofia bila kuambiwa. Niliweka maua niliyonunua stesheni na nikawaombea.

Ndipo twende Matonge, mtaa wa Wakongo mle mle Brussels, upande wa Ixelles, karibu na Porte de Namur. Hapo mwanzoni kuna uwanja wa Patrice Lumumba uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya uhuru wetu. Ndani ya Matonge utasukwa nywele, utakula sombe (kisamvu) na makayabu (samaki wa chumvi), utaulizwa wewe ni wa wapi na mama usiyemjua atakuongezea ugali. Baada ya Tervuren nilihitaji hivyo.

Mwanzisha uzi

Dada, asante. Sikujua habari za makaburi hayo. Nitakapofika Brussels ndiko nitakakoanzia.

Mdau aliyekuwa Ujerumani

Kwa upande wa nauli. Wengi mtakuta chuo kinawapa tiketi ya muhula. Kama hakitoi, ulizia Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi na imekuwa ikipanda, lakini bado ni nafuu: mabasi, tramu na treni zote za mikoa nchi nzima. Treni za kasi za ICE na zile za IC haziingii. Ni malipo yanayojirudia, kwa hiyo ukitaka kusimamisha, fanya hivyo kabla ya tarehe 10 ya mwezi, la sivyo unakatwa na wa mwezi unaofuata. Wanaorudi nyumbani mwisho wa muhula wanaponzwa sana na hilo.

Treni ya mkoa ni ya taratibu, na ndiyo niliyoipenda. Inasimama kila kijiji. Nilifika Trier kwa njia hiyo, nikaona Porta Nigra, lango la Warumi lililosimama tangu zama zao, mawe meusi kama yamepitiwa na moto. Kesho yake nikaingia Luxembourg, ambako usafiri wa umma ni bure kwa kila mtu tangu 2020, mgeni kwa mwenyeji.

Mchangiaji mwingine

Paris kwa wenye bumu dogo: makumbusho ya taifa ya Ufaransa ni bure kwa wakazi wa Umoja wa Ulaya wenye miaka 18 mpaka 25, uraia wowote. Mkazi maana yake hata wewe mwenye viza ya muda mrefu au kibali. Louvre, Versailles, Orsay. Weka nafasi mapema mtandaoni, na Louvre usiende Jumanne, imefungwa. Madrid nako, Prado ni bure jioni, Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 hadi saa 2 usiku.

Mdau wa Uppsala

Wa kaskazini tupo pia. Nilifika Sweden Januari, jua linazama saa tisa alasiri. Msinunue makoti mapya. Huko nako kuna mitumba, tena mizuri, maduka ya misaada yamejaa makoti ya sufu na viatu vya theluji. Nilivaa hivyo vya mitumba nikapanda treni ya usiku kutoka Stockholm mpaka Abisko, juu kabisa, kutafuta taa za angani (aurora, mianga ya rangi usiku). Usiku wa kwanza mawingu. Wa pili, kama saa nne, mbingu ikafunguka upande mmoja ukawa wa kijani, ukacheza, ukapotea, ukarudi na ukingo wa zambarau. Tulikuwa wageni wa nchi mbalimbali kwenye barafu la ziwa na kila mmoja alikuwa anasema kitu kwa lugha ya kwao. Mimi nilikuwa nasema Subhanallah.

Binti wa Dodoma

Jamani nimesoma yote, asanteni. Naenda Göttingen mwezi wa kumi, sijawahi kutoka nje ya nchi. Wikendi ya kwanza nifanye nini? Naogopa kwenda mbali peke yangu.

Mdau aliyekuwa Ujerumani

Hongera sana mdogo wangu. Usiende mbali. Jumamosi nunua chakula cha siku mbili, maana Jumapili maduka yote yamefungwa isipokuwa machache ya kwenye stesheni kubwa, na wageni wengi wiki ya kwanza wanalala na njaa. Jumapili asubuhi panda treni ya mkoa uende Hann. Münden, ni karibu tu. Mji mdogo, nyumba za zamani za mbao na udongo, na mito miwili, Werra na Fulda, inakutana pale kuwa Weser. Unauzunguka wote kwa miguu bila kupotea, na utakuwa umeshajifunza kusoma ubao wa treni bila presha. Angalia ratiba ya kurudi kabla hujatoka bwenini, Jumapili treni hupungua. Ukifika andika hapa.