Tanga limetoka ukungu, lawama kwangu, na nusu ya pesa yangu haijalipwa mpaka leo

Wakuu, nimevumilia wiki tatu. Leo nasema.

Mimi ni mdizaina, niko Langoni, Lamu. Nilipata kazi ya mzee mmoja mwenye majahazi ya kutembeza wageni jioni. Alitaka nembo, rangi, fonti na kurasa za simu za kuwekea nafasi ya safari. Tukapatana elfu arubaini na tano, nusu mwanzo, nusu kazi ikiisha. Kazi imeisha. Nusu ya pili haitoki, ati "nembo yako imetoka ukungu".

Ukungu gani? Niliichora kwa vekta. Vekta ni mistari inayopigiwa hesabu upya kila ukubwa unapobadilika, kwa hiyo uiweke kwenye kadi au kwenye tanga, ukingo unabaki mkali vilevile. Nikamkabidhi folda nzima: SVG (faili ya vekta yenyewe), PDF ya mchapaji, PNG isiyo na usuli, na ukurasa wa maelezo kwa Kiswahili chepesi. Mzee akafungua moja, akaipiga skrinshoti, akamrushia mpwa wake kwa WhatsApp kama picha, ikabanwa. Mpwa akaitia Canva, ile programu ya kutengeneza picha, akaongeza kivuli na mnazi. Mnazi! Ikarudi WhatsApp tena, ikabanwa mara ya pili, ndipo ikafika kwa mchapaji Mombasa, akaivuta mpaka ikajaa mita tatu za kitambaa cha tanga. Lile jicho la omo, la mbele ya chombo, nililolichora kwenye nembo siku mbili, ukisimama gatini unahesabu vijumba vyake vya pikseli kimoja kimoja.

Na ile rangi ya feruzi? Kwenye skrini ni mwanga, kwenye kitambaa ni wino, na wino haufiki kwenye feruzi kali kama ile. Nilijua, ndiyo maana nilimwekea namba za CMYK, yaani vipimo vya wino wa mchapaji, pembeni. Hazikusomwa. Imetoka kama maji ya mtaro.

Kurasa za simu nazo zilikuwa na kisa chake. Alitaka maandishi ya dhahabu juu ya nyeupe. Mwongozo wa WCAG, wa kurasa zinazosomeka na kila mtu, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli wake ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Dhahabu yake nilipoipima ikapata 2.1. Sikubishana, nikamchukua mpaka gatini saa saba mchana, nikampa simu asome bei. Akaikinga jua kwa kofia yake, akakunja uso, akasogeza simu karibu na pua, hakuona kitu. Akanirudishia, akasema, "Lakini kijana wangu, dhahabu ina heshima."

Nilipompa kiungo cha Figma, programu ya kuchorea kurasa, apitie kazi, akanipigia saa nne usiku, amebonyeza "Lipa" na hela haijaingia M-Pesa. Mzee, ule ni mfano tu wa kuonyesha, hauna hata waya nyuma yake! (Hapo nilicheka, nakiri.)

Kinachoniuma zaidi ni ile kauli ya "si ulikaa tu na laptopu". Fundi wa majahazi wa Matondoni akichonga mbao hakuna anayemwambia alikaa tu na shoka. Wala hakuna mwenye chombo anayempa mpwa wake randa aongeze mnazi kwenye ubavu.

Kosa langu nalijua: nilitoa faili zote kabla ya malipo ya mwisho, kwa sababu ni mtu mzima na tunaswali msikiti mmoja. Nyinyi wa Malindi na Mombasa mnafanyaje? Mnatuma kwanza zenye maandishi ya "SAMPULI" katikati? Na mteja mnayeonana naye kila siku mnamdai vipi bila mtaa mzima kujua?

Jana jioni jahazi limepita mbele ya baraza, tanga limejaa upepo. Mgeni mmoja akaniuliza ule ni mnazi au pweza.

Na leo asubuhi mzee ameniandikia: "Kijana wangu, nitumie tena ile logo ya kwanza. WhatsApp tu inatosha."