Mrejesho: kazi ya usiku mtandaoni na sala ya alfajiri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje: nahudumia wateja wa Chicago kwa kompyuta, wao wakitoka kazini jioni, huku Mombasa ni saa 8 usiku. Navuka feri hadi Likoni nimechoka, alfajiri inanipita. Simu ikiadhini kando ya mto, naizima kwa kidole hata macho sijafungua.

Wengi mlisema niache kazi. Sikuacha, karo ya wadogo zangu inatoka humo humo. Nilichokishika ni neno la yule mama aliyeniambia, "Mwanangu, usiiachie simu peke yake, mtafute mtu wa kukuamsha." Basi nikamwambia bibi. Sasa simu inalala sebuleni, na bibi hunigongea mlango kwa ufunguo, mara tatu, kisha husimama pale pale mpaka asikie maji yakimwagika kwenye kopo. Hapo ndipo huondoka.

Pia nimeomba zamu ya kujibu barua pepe, namaliza saa 4 usiku. Mshahara umepungua kidogo, lakini feri saa hiyo ina nafasi ya kukaa, na nafika nyumbani bado nina akili ya kuzungumza na watu.

Wiki hii alfajiri mbili zilinipita. Nimezilipa.

Mama, kama unasoma, bibi anakusalimu sana.