Nina milioni 3.8 ya mashine ya kuhariri video za harusi: HP Z440 ya mtumba, Dell Precision 3650 au Mac mini M4?

mpigapicha_tabata

Wakuu, habari za jioni. Nahariri video za harusi na sendofu hapa Dar, na laptopu niliyoanza nayo kazi haifai tena. Baada ya Pasaka nina harusi sita ambazo zimeshalipiwa kianzio, kwa hiyo mashine lazima ipatikane mwezi huu.

Kamera yangu ni Sony A7 IV. Narekodi 4K fremu 50 kwa sekunde, H.265 (mfumo wa kubana video), biti 10, rangi 4:2:2. Nahariri kwenye programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Sitaki kuunganisha kompyuta mwenyewe kipande kwa kipande, nataka iliyokamilika, niwashe nifanye kazi. Kariakoo nimezunguka siku mbili na nimebaki na tatu:

HP Z440, Xeon E5-1650 v4, RAM 32GB, kadi ya picha Quadro ya zamani. Milioni 1.4. Pesa inayobaki ningeiweka kwenye kadi ya picha mpya zaidi, RTX 3060.

Dell Precision 3650, i7-11700, RAM 32GB, kadi ya T1000. Milioni 2.3.

Mac mini M4 mpya, 16GB na 256GB. Milioni 2.2.

Jambo lingine: mdogo wangu anasoma usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi, na mchana nikiwa nje kupiga picha ataitumia yeye. Naomba ushauri wa mtu aliyefanyia kazi mashine hizi kwa mikono yake.

fundi_ilala

Mkuu, chukua Z440. Nimezifungua nyingi na sijaona mashine ya mtumba iliyoundwa kwa uangalifu kama zile. Kava linafunguka bila bisibisi, nafasi za RAM ziko nane, hewa inapita vizuri. RAM yake ni ile ya seva, DDR4 yenye rejista, na hiyo inapatikana kwa bei ya chini kuliko ya kompyuta za kawaida. Na unajua bei ya RAM ilivyopanda tangu mwishoni mwa 2025. Ukiweka RTX 3060 yenye 12GB una mashine ya kurenda usiku kucha bila kutetereka. Pawasaplai yake ya wati 700 inaibeba kadi hiyo bila shida.

rangi_na_kata

Nawasalimu kutoka Nairobi. Fundi, nakuheshimu, na kuhusu uimara wa Z440 sina ubishi. Lakini kwa faili za huyu ndugu ataumia. Nieleze kwa nini, kwa sababu kosa hili nimelifanya kwa pesa yangu.

Nilinunua mashine ya mtumba yenye Xeon mbili na kadi nzuri ya NVIDIA. Nilihesabu nyuzi za prosesa nikaona nimemaliza. Nikaingiza video ya 4:2:2 kwenye taimlaini, nikabonyeza kucheza, picha ikawa inaruka kama slaidi. Kadi imekaa tu, haina kazi. Prosesa zinahangaika peke yake.

Iko hivi. H.265 haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu chache kamili, halafu zinazofuata inaandika tofauti tu. Ndiyo maana faili ni dogo. Lakini kila ukisogeza kichwa cha kusoma, mashine inabidi izijenge upya zile fremu zote za katikati. Kazi hiyo prosesa inaiweza kwa taabu. Sakiti maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee inaifanya bila jasho. Kwa hiyo usiulize mashine ina kori ngapi. Uliza ina sakiti ya kufungua aina ya faili ninayotoka nayo ukumbini?

Sasa angalia. Kwa 4:2:2, taarifa za rangi ni mara mbili ya zile za 4:2:0, na kadi za NVIDIA hazikuwa na sakiti ya kuifungua hadi zilipokuja RTX za mfululizo wa 50 mwaka 2025. RTX 3060 haina. RTX 4060 haina, hata 4090 haina. Nayo Xeon E5 iliyomo ndani ya Z440 haina kabisa picha za ndani (sehemu ya prosesa inayoshughulikia picha bila kadi), kwa hiyo Quick Sync, sakiti ya Intel ya kufungua video, huipati. Ukiweka 3060 mle ndani, rangi na efekti zitakwenda kasi, lakini kucheza tu ile video kutakutesa.

Intel kuanzia kizazi cha 11 wanafungua H.265 biti 10 4:2:2. Hiyo i7-11700 imo. Apple kuanzia M1 nao wanafungua. Kati ya tatu zako, mbili zinaujua mzigo wako na moja haiujui.

mpigapicha_tabata

Asante sana mkuu, sikuwahi kuelezwa hivi. Kumbe pesa ya RTX 3060 ingeishia kwenye kitu ambacho hakikuwa tatizo langu. Je, nikibaki na Z440 na kuiwekea RTX 5060?

rangi_na_kata

Itafungua, ndiyo, hata H.264 ya 4:2:2. Ila utakuwa umeweka kadi ya 2025 kwenye mashine ya 2014, na prosesa hiyo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna njia za kuilazimisha ikubali Windows 11, lakini kwa mashine inayobeba harusi ya mtu sitaki kulazimisha.

Na angalizo kwa wanaosoma: niliyosema kuhusu Intel ni ya H.265. Wengi wenye Sony wanarekodi XAVC S, ambayo ni H.264. Ile ya biti 10 4:2:2, Quick Sync ya kizazi cha 11 haikusaidii. XAVC HS ndiyo H.265. Fungua menyu ya kamera uangalie kabla hujafungua pochi.

studio_ya_mvita

Mimi niko Mombasa, natumia Mac mini M4 tangu mwaka jana, kazi zangu ni harusi kama wewe kaka. Nikuambie ninachokiona kila siku.

Faili zako hizo zinacheza. Naweka kamera mbili sambamba, nakata, napaka rangi, sisikii feni. Na hapa kwetu na joto hili, kutosikia feni ni neema. Umeme wake mkubwa kabisa ni wati 65, mashine nzima. Prosesa peke yake ya ile Xeon ni wati 140, bado kadi. Stima ikipotea, UPS yangu ndogo inanipa muda wa kuhifadhi na hata kumalizia kipande. Kwa mwenye kununua umeme wa tokeni hilo si jambo dogo.

Sasa upande wa pili. Hiyo 256GB ni finyu mno. Harusi moja ya siku nzima inaijaza na kuipita, kwa hiyo ongeza bei ya SSD ya nje ya terabaiti 1 au 2 kwenye hesabu zako tangu leo. RAM haiongezeki milele, ile unayoinunua ndiyo utakayozeeka nayo. Kwangu mimi 16GB inatosha hadi nifungue Fusion (sehemu ya Resolve ya maandishi na michoro inayosogea) kwa majina ya maharusi na maua yanayozunguka. Hapo inaanza kuvuta. Kama ningerudi nyuma ningechukua ya 24GB.

Jambo moja zaidi: kwenye Mac yangu Resolve ya bure inafungua hizo 4:2:2 bila kudai kitu. Kwenye Windows utahitaji Studio, toleo la Resolve la kulipia. Ni dola 295, unalipa mara moja. Iweke kwenye bei ya Precision, usije ukashangaa.

mchoramajengo_unguja

Mmesahau yule mdogo wake. Anasoma usanifu Ardhi. Revit, programu ya kuchora majengo, haipo kwenye Mac, na 3ds Max na Lumion nazo ni za Windows tu. ArchiCAD ipo, lakini mwanafunzi hachagui programu, anapewa na mwalimu wake. Ukinunua Mac mini, mdogo wako ataitazama tu pale mezani.

Na kwa kazi zetu sisi, Revit kwa sehemu kubwa inategemea kasi ya kori moja. Ndiyo maana hizo Xeon za kori nyingi zenye mwendo wa polepole zinazosifiwa madukani hazitusaidii katika kuchora. Zinasaidia siku ya kurenda tu, na hata hiyo siku hizi wengi wanairendia kwenye GPU, yaani kadi ya picha. i7-11700 inamfaa kijana. Lumion ndiyo itakayodai kadi yenye kumbukumbu zaidi, T1000 ni ndogo kwake.

fundi_ilala

Nimesoma yote. Rangi_na_kata, la 4:2:2 sikulijua, wateja wangu wengi ni wa ofisini na wa picha za mnato. Naondoa kauli yangu ya Z440 kwa kazi hii. Kwa anayepiga 8-bit 4:2:0 na pesa ni chache, bado nitamshauri aichukue.

Sasa kama ni Precision 3650, sikiliza mkuu, maana hapa nina uhakika. Usilipe kabla ya kufungua kava.

Kwanza pawasaplai. Baadhi ya hizi zilitoka kiwandani na ya wati 300. Ukikuta hiyo, kadi kubwa huweki baadaye. Tafuta ya 460 au zaidi, na utazame kwa macho kama kuna waya wa ziada wa kulisha kadi. Usifikiri utabadilisha na pawasaplai yoyote ya dukani, mashine hizi za kampuni kubwa zina plagi zake zenyewe kwenye mazabodi. Mteja wangu mmoja iliungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, tukangoja wiki tatu kupata inayoingia. Kazi zake zote zililala.

Pili BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka. Hizi zilikuwa za maofisi ya Ulaya na Dubai. Nyingine zinauzwa zikiwa na nywila ya BIOS ambayo hata muuzaji haijui. Washa, ingia, hakikisha unaweza kubadilisha kitu na kukihifadhi.

Tatu, soma jina la prosesa lote hadi herufi ya mwisho. Ikiishia na F, haina picha za ndani, na Quick Sync haipo. Kwenye Precision ni nadra, lakini kwenye kompyuta za gemu zinazopangwa pale mbele ni kawaida sana, na muuzaji atakuambia ni i7 ileile.

Nne, angalia afya ya SSD kwa programu ya CrystalDiskInfo. Dakika mbili tu.

rangi_na_kata

Naongezea moja: nenda na SSD yako yenye video zako mwenyewe. Fungua Task Manager, upande wa GPU, kuna grafu ya kufungua video. Ikipanda wakati video inacheza, sakiti inafanya kazi. Ikibaki chini huku prosesa inagonga mia, rudisha mashine.

mpigapicha_tabata

Wakuu, narudi na majibu.

Nilinunua Studio kwanza, kwa kuwa ufunguo wake unaruhusu kompyuta mbili na ningeuhitaji vyovyote vile. Nikaenda Kariakoo na SSD yangu yenye sendofu ya mwezi uliopita. Mashine ya kwanza ilikuwa na pawasaplai ya 300, nikaiacha. Ya pili, duka jingine, 460, waya upo.

Nikaweka video, ikaruka. Grafu ya Intel haikuonekana kabisa kwenye Task Manager, ilionekana T1000 pekee. Nilitaka kukata tamaa, nikampigia fundi_ilala. Akaniambia niingie BIOS, kwa sababu kukiwa na kadi, picha za ndani za prosesa huweza kuwa zimezimwa. Kweli, zilikuwa zimezimwa. Tukaziwasha, nikachagua Quick Sync kwenye mipangilio ya Resolve. Video ikatiririka mwanzo hadi mwisho, bibi harusi anaingia ukumbini, hakuna fremu iliyoganda. Nilisimama pale dukani nikaitazama mara tatu.

Nimelipa milioni 2.25. Pamoja na Studio nimebaki na kiasi cha kununua UPS na diski ya kuhifadhi kazi za zamani. Mdogo wangu ameshaweka Revit na anasema inamtosha kwa mradi wa muhula huu.

Tatizo lililobaki ni moja. Kwenye picha za usiku nikiweka kiondoa chembe (kinachosafisha chenga za picha za gizani), T1000 yangu ni ya 4GB na napata ujumbe wa kumbukumbu ya GPU kujaa. Nafikiria RTX A2000 ya 12GB nikipata pesa ya harusi ya pili, kwa kuwa inatumia wati 70 tu na haihitaji waya wa ziada.

rangi_na_kata

A2000 ni chaguo zuri kwa mashine hiyo. Hadi hapo, kiondoa chembe kiweke kwenye nodi (hatua ya rangi ndani ya Resolve) ya kwanza peke yake, uiwashie keshi ili matokeo yahifadhiwe, uiache irende ukiwa unakunywa chai, halafu ndiyo upake rangi kwenye nodi zinazofuata. Na punguza taimlaini iwe 1080 wakati wa kukata, urudishe 4K siku ya kutoa. Kama bado inajaa kwenye kutoa, vipande vya usiku vitoe peke yake kwanza, kimoja kimoja, uvirudishe kwenye taimlaini vikiwa vimeshasafishwa.

mpigapicha_tabata

Nimejaribu hiyo ya nodi ya kwanza sasa hivi. Imepita.