Kwa nini Maalim Seif alikubali kuingia serikalini?

Mwanafunzi_Dodoma

Habari zenu wakubwa. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa pili, na visiwani sijawahi kufika. Naandika insha juu ya Maalim Seif Sharif Hamad. Historia ya vitabuni ninayo: Waziri Kiongozi 1984 hadi 1988, kufukuzwa CCM, rumande, kisha vyama vya upinzani, kwanza CUF, mwisho ACT-Wazalendo. Aligombea urais wa Zanzibar mara sita na hakutangazwa mshindi hata mara moja. Linalonitatiza ni hili: mtu aliyelia miaka yote kwamba kaibiwa kura, ilikuwaje akakubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais 2010, na tena 2020? Wenzangu darasani wanasema alichoka. Mliokuwa naye karibu mnasemaje?

Seremala_Wete

Mwanangu, hakuchoka. Mimi nilikuwa wakala wa CUF kituoni mwaka 1995, kijana wa miaka 24, basi nakueleza nilipokuwa nimesimama.

Siku ya kura ilikuwa tarehe 22 Oktoba, ndiyo siku aliyozaliwa Maalim, Mtambwe, mwaka 1943. Tulihesabu usiku kwa taa ya karabai. Kila karatasi iliyosomwa niliitia mstari kwenye daftari la skuli. Pemba tulichukua majimbo yote 21. Matokeo ya urais yalipotangazwa, Dk. Salmin Amour wa CCM alipewa asilimia 50.24 na Maalim 49.76. Mama yangu aliyasikia redioni, akainuka, akaenda kuanika karafuu bila kusema neno. Watu walikuwa wakimjua Maalim tangu alipokuwa Waziri Kiongozi, wakati biashara ilipofunguliwa na nguo na vyakula vikarudi madukani baada ya dhiki ya muda mrefu. Aliposhikwa Mei 1989, kwa madai ya kukutwa na nyaraka za siri za serikali, hakutoka mpaka Novemba 1991. Kwa hiyo 1995 tulikuwa tunampigia kura mtu tunayemjua kwa mema na kwa mateso.

Ukitaka kujua kwa nini alikubali 2010, isome Januari 2001. Tuliandamana kupinga uchaguzi wa 2000, watu wakauawa, wengi wao hapa Pemba. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Kenya. Ndugu yangu alivuka usiku kwa mashua hadi Shimoni akiwa na shati moja. Tangu hapo nikimsikia Maalim mkutanoni, sauti ilikuwa ileile ya "Haki sawa kwa wote", lakini kijana akipaza sauti kutaka vurugu alikuwa akimnyamazisha yeye mwenyewe. Alikuwa mwalimu kweli, si jina tu. Alisomesha miaka tisa kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Novemba 2009 akakutana na Rais Amani Karume Ikulu. Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakasema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa, yaani CCM na upinzani wagawane madaraka, na ndimo alimopata umakamu. Mimi nilisema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka ule Dk. Shein wa CCM alimzidi kwa asilimia moja tu, Maalim akakubali matokeo, na sikusikia risasi. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko cheo.

BintiMicheweni

Kaka Seremala, nakuheshimu, lakini 2020 mimi sikukubali. Tulizika watu Oktoba, halafu Desemba 8 tunamwona anaapa. Kura zake zilitajwa asilimia 19 na kitu, mtu aliyekuwa akipata nusu ya nchi! Nililia siku ile, na si kwa furaha.

Seremala_Wete

Dada, nami nililia, sikufichi. Lakini ikumbuke 2016. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, wa marudio tukaususia, na miaka minne na ushei CUF haikuwa na mjumbe hata mmoja Baraza la Wawakilishi. Machi 2019 chama chenyewe kikabaki upande wa mpinzani wake ndani ya CUF, Profesa Lipumba, kwa hukumu ya mahakama, na siku ileile Maalim akahamia ACT: tukashusha tanga, tukapandisha tanga. Nje tulikaa, na nje hatukupata kitu. Mzee wa miaka 77 aliyesema tuingie, tuwatoe vijana waliokamatwa, tukae meza moja na wenye nguvu, mimi siwezi kumwita msaliti. Wewe una haki ya kuumia. Sikulazimishi.

Alikaa kwenye kiti kile wiki kumi tu. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe kesho yake. Niliacha kitanda cha bwana harusi hakijapigwa randa nikaenda. Sikulifikia kaburi kwa wingi wa watu. Niliitikia dua nikiwa chini ya mikarafuu.

Mwanafunzi_Dodoma

Ahsante sana mzee wangu, na wewe dada. Nitaziandika hoja zote mbili. Lile daftari la 1995 bado lipo?

Seremala_Wete

Lipo, sandukuni, chini ya nguo za marehemu mama. Kurasa mbili zililowa mvua ya masika, lakini hesabu ya kituo chetu inasomeka. Ukivuka, panda gari la Wete, uliza karakana ya seremala. Nitakuonyesha.