HPA (eneo lililofichwa) kwenye diski: Windows, Linux au FreeBSD, ipi inakuambia ukweli?

mlinzi_wa_bakapu
Wakuu habari za jioni. Nina diski mbili za TB 1, modeli moja, nilinunua siku moja, nikazifunga mirror (kila moja kopi ya mwenzake) kwa mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, kwenye Debian, diski nzima nzima bila patisheni. Juzi nikachomoa moja nikaitumia kwenye deskitopu nyingine kwa muda mfupi tu, nairudisha mdadm inaikataa, eti ndogo haitoshi. Nikazichomeka kwenye Windows, zote zinasoma GB 931.51. Sasa diski inapunguaje yenyewe? Na OS ipi inalishughulikia hili vizuri, maana najenga seva ya bakapu ya ofisi na sitaki yanikute tena.

fundi_sekta
Mkuu hiyo ni HPA (Host Protected Area), eneo la mwisho wa diski linalofichwa. Kuna komandi ya SET MAX ADDRESS, diski ikipewa inajifanya ndogo, ukiiuliza ukubwa inakujibu huo wa uongo, wa kweli mpaka uulize kwa READ NATIVE MAX ADDRESS. Baadhi ya mazabodi zinajikatia kipande hapo zinaweka kopi ya BIOS na hazikuulizi. Hebu piga hdparm -N /dev/sdb utuwekee jibu.

mlinzi_wa_bakapu
max sectors = 1953523055/1953525168, HPA is enabled

fundi_sekta
Umeona, zimeliwa sekta 2113, kila moja baiti 512, yaani kama MB 1 tu, ndo maana Windows imekuonyesha namba ileile, inaishia tarakimu mbili baada ya nukta. Windows inachukua jibu la kwanza la diski na kukaa nalo, haikuonyi, haifungui, ukitaka kujua utafute programu ya pembeni. Kwa seva ya Linux mimi naweka libata.ignore_hpa=1 kwenye mipangilio ya kuwasha, keneli (kiini cha OS) ifungue yote.

dada_keneli
Kaka fundi hapo kwenye ignore_hpa sikubaliani na wewe. Linux ndo inaongoza kwa uwazi, ukipiga dmesg (kumbukumbu za keneli) unakuta "HPA detected: current" na "native" zote mbili zimeandikwa, lakini kwa kawaida inaheshimu mpaka uliowekwa. Zamani dreva za IDE (diski za kabla ya SATA) zilikuwa zinafungua zenyewe, Ubuntu nayo iliwahi kuja na ignore_hpa=1, na hapo ndo watu walipoumia, unagawa diski ikiwa wazi halafu unaipeleka kwenye mfumo unaoheshimu, patisheni ya mwisho inakuwa imevuka ukuta. Siku hizi keneli ikiona patisheni imepita mwisho inafungua yenyewe na kuandika "enabling native capacity", ila mleta mada umetumia diski nzima bila patisheni kwa hiyo keneli haikuwa na kitu cha kuishtua. Na hiyo ignore_hpa inafanya kazi kwenye mashine hiyo tu, ukihamisha diski umerudi palepale.

bahari_bsd
Mie wa FreeBSD. Huku camcontrol identify ada0 inakuwekea mstari wa HPA na namba zote mbili, na kubadilisha ni camcontrol hpa, haigusi chochote mpaka useme mwenyewe. Kwa seva ya bakapu naipenda tabia hiyo. Halafu mkuu usipimie kwenye kasha la USB, mengi hayapitishi hizo komandi, utaambiwa hakuna HPA na ipo. SSD za NVMe hazina kitu hiki kabisa.

fundi_sekta
Sawa dada umenielewesha, kwenye kuhamisha sikufikiria.

dada_keneli
Mleta mada, fungua moja kwa moja: hdparm -N p1953525168 /dev/sdb, hiyo p ndo inafanya ibaki, halafu zima mashine kabisa, sio ributi. Ikigoma zima uwashe ujaribu tena, diski inakubali mara moja kwa kila kuwashwa. Andika namba kwa uangalifu, ukiweka ndogo unajikatia data, hdparm yenyewe itakutaka uthibitishe kwanza. Na ukijenga hiyo seva tengeneza patisheni, acha kama MB 100 mwishoni, mazabodi ikila MB 1 tena haitafika kwenye data.

mlinzi_wa_bakapu
Imekubali! Sasa inasoma 1953525168/1953525168, HPA is disabled, mdadm imeipokea na inasinki, imefika asilimia 12. Ile deskitopu nimeingia BIOS nikakuta kuna sehemu ya kuhifadhi kopi kwenye diski, nimeizima. Dada ubarikiwe, seva mpya nitaanza na patisheni, na kila diski napiga hdparm -N kabla sijaweka kitu.

bahari_bsd
Piga na siku ya kuuza diski kuukuu pia, programu nyingi za kufuta zinaishia kwenye mpaka ule wa uongo, kilichojificha nyuma yake kinaondoka na mnunuzi.